KIPUMBAZO SI BURUDANI

Kamari siku hizi imepewa jina jipya. Inaitwa burudani. Fungua redio asubuhi, kabla hata ya taarifa ya habari, utasikia sauti nene ikikualika kwenye burudani. Pita njia panda yo yote ya mji, utaona ubao mkubwa kuliko paa la zahanati: kijana anacheka, simu i mkononi, na chini yake neno lile lile. Mpira ukianza jioni, mtangazaji hawezi kumaliza kutaja majina ya wachezaji kabla ya kutukumbusha kwamba burudani haijakamilika mpaka tuweke fedha.

Sisi tunasema jina hilo limeibwa. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili, neno la zamani, lenye ukoo unaojulikana. Neno hilo ni KIPUMBAZO. Tunadai lirudishwe mahali pake, maana jambo baya likishavaa jina jema, anayelipinga huonekana yeye ndiye mbaya. Nani atasimama kupinga burudani?

Tuanze na ukoo wa neno. Kupumbaa ni kuwa na macho yanayotazama huku akili haipo. Mwanafunzi anayetazama dirishani mpaka mwalimu amalize ubao mzima amepumbaa. Mlinzi anayesikiliza kisa huku lango liko wazi amepumbaa. Kutoka hapo tunapata kupumbaza, yaani kumfanya mwingine awe katika hali hiyo, tena pumbao, pumbazo na kipumbazo. Ukoo huu haukuzuliwa jana na waandishi wa magazeti. Umo katika kamusi ya Frederick Johnson iliyochapwa mwaka 1939, na ulikuwa vinywani mwa watu kabla Bwana Johnson hajashika kalamu.

Sasa tazameni umbo lake. Tuna kufunika, tukapata kifuniko. Tuna kuziba, tukapata kizibo. Tuna kufunga, tukapata kifungo. Kizibo hakiendi chenyewe mdomoni mwa chupa. Yuko mtu aliyekishika. Kipumbazo nacho ni chombo kama vyombo hivyo. Kila kinapotajwa, sikio la Mswahili lapaswa kuuliza mara moja: ni nani aliyekishika, na anafanya nini kwa mkono wake wa pili?

Na mpumbavu naye ni wa nyumba hiyo hiyo. Kutoka kulegea tuna legevu, kutoka kupotea tuna potevu, kutoka kunyamaa tuna nyamavu. Basi kutoka kupumbaa tuna pumbavu. Kwa asili ya neno, mpumbavu si mtu aliyezaliwa akili pungufu. Huyo Kiswahili humwita punguani. Wala si mtu asiyejua kwa kuwa hajafundishwa; huyo ni mjinga, na ujinga hauna aibu kwa sababu dawa yake ni darasa. Mpumbavu ni mtu mwenye akili zake timamu ambaye amepumbaa, na mara nyingi amepumbaa kwa sababu amepumbazwa. Tunapomwita mpumbavu kijana wa kijiweni aliyemaliza mshahara wake kwenye simu kabla ya tarehe tano, tunakuwa tumesema nusu ya habari. Nusu ya pili ni jina la aliyempumbaza, na hilo hatulitaji. Tusi linamwangukia aliyeibiwa, mwizi anapita na gari lake.

Wako watakaosema kwamba neno hili halina ubaya kila mara. Ni kweli. Mama anayepika humpa mtoto kijiko na sufuria tupu, akisema, "Nampumbaza nipate kupika." Hapo hapana hila. Lakini hata hapo utaratibu wa neno ni ule ule: yuko anayepumbaza, yuko anayepumbazwa, na iko kazi inayofanyika wakati huo. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa. Chakula kikiiva mama humwita mtoto aje ale. Hawa wa kamari wakishapika, hula peke yao, na mtoto humwachia sufuria tupu.

Burudani ni ukoo mwingine kabisa. Ni ndugu yake baridi. Kuburudika ni kupoa, na huwezi kupoa kama hukupata joto. Kuli aliyeshusha magunia tangu alfajiri, akakaa jioni barazani na kikombe cha kahawa chungu, anaburudika. Wakulima waliomaliza kuvuna wakapiga ngoma, wanaburudika. Wazee wanaocheza bao chini ya mwembe, wakibishana kete kwa kete mpaka giza liingie, wanaburudika, na akili zao hutoka pale zimenolewa kuliko zilivyoingia. Burudani hutanguliwa na kazi, na hufuatwa na kazi. Ngoma hukesha, lakini alfajiri hufika na watu wakaenda makwao. Bao huisha: mmoja ameshinda, mwingine ameshindwa, mnapanga kete upya au mnaondoka. Kipumbazo hakina alfajiri. Kimetengenezwa hivyo makusudi, na tutaonyesha jinsi kilivyotengenezwa.

Lakini kwanza tuone jinsi jina lilivyobadilishwa hatua kwa hatua, maana halikubadilika kwa siku moja. Wazee wetu walisema kamari. Neno kali, lenye harufu yake. Mzazi akisikia mwanawe anacheza kamari alikaa kitako kwa huzuni. Kisha likaja jina la kiofisi. Sheria iliyotungwa Tanzania mwaka 2003 ikaunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na tangu hapo katika karatasi za Serikali kamari ikawa "mchezo", ndugu yake kombolela na kibe, na mchezaji akawa mtu wa "kubahatisha", kama aliyebahatisha kupata kiti ndani ya daladala. Hatukatai kwamba sheria huhitaji jina lenye mipaka. Lakini tazameni mlango uliofunguliwa. Kikishakuwa mchezo, ni hatua moja tu kukiita burudani, na hatua hiyo makampuni yameiruka bila kukunja suruali.

Vijana nao wameongeza lao, na hili ndilo linalotuuma zaidi. Karatasi au orodha ya mechi alizozichagua mtu wanaiita mkeka. Akishinda, mkeka umetiki. Akishindwa, mkeka umechanika. Mkeka! Bibi zetu walikwenda kukata ukindu, wakauanika, wakautia rangi, wakasuka ukili siku nyingi, kisha wakaunganisha ukili kwa ukili mpaka ukapatikana mkeka wa kulaza mgeni. Mkeka ulikuwa fedha ya chumvi na mafuta, daftari la mtoto, zawadi ya arusi. Hakuna kitu kilichoonyesha jasho la mikono kuliko mkeka. Leo neno hilo hilo limepewa kitu kisicho na jasho hata tone, kitu kisukwacho kwa kidole kimoja na kuchanika kabla ya saa nne za usiku. Sisi hatuwalaumu vijana kwa kucheza na lugha, maana lugha ni yao na utani ni mzuri. Tunataka waone tu kwamba katika utani huo wamekiri wenyewe: mkeka wa bibi haukuchanika usiku mmoja.

Nilizungumza na kijana mmoja wa bodaboda. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," nikamwitikia, nikaona simu yake ina mkeka wa mechi kumi. Nikamuuliza kama ni busara. Akacheka. "Mzee, hii ni burudani tu. Buku moja tu." Nikamwomba tufanye hesabu pamoja, naye akakubali, kwa kuwa hesabu anaijua, kila siku hupiga hesabu ya petroli, ya tajiri wa pikipiki na ya chakula, wala hakosei.

Hesabu yenyewe ni hii, na msomaji aifuate kwa makini. Tuseme kila mechi katika zile kumi ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Bahati ya kupata moja ni 1 katika 2. Kupata mbili mfululizo ni 1 katika 4. Tatu, 1 katika 8. Endelea kuzidisha hivyo mpaka kumi, utafika 1 katika 1,024. Basi anayeweka shilingi 1,000 akapatia zote kumi, malipo ya haki kwake yangekuwa shilingi 1,024,000. Lakini kampuni hailipi mbili kwa kila mechi ya nusu kwa nusu. Tuseme inalipa 1.90, yaani imejibakizia sehemu ndogo tu, shilingi 5 katika kila 100. Nani atagombania shilingi 5? Sasa zidisha 1.90 kwa 1.90 mara kumi. Utapata kiasi cha 613. Kijana wetu aliyepatia mechi zote kumi, jambo linalotokea mara moja katika 1,024, atalipwa shilingi 613,000 hivi. Shilingi 411,000 nyingine ziko wapi? Zimekatwa siku ile ile ya ushindi wake, siku anayopigwa picha akicheka.

Kwa maneno mengine, zile shilingi 5 katika 100 zimekuwa 40 katika 100. Kwa mechi moja anarudishiwa kwa wastani 95. Kwa mechi tano, 77. Kwa mechi kumi, 60. Kwa mechi kumi na tano, 46. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo mkono wa kampuni unavyozama ndani ya mfuko wake, na ndiyo sababu makampuni husifu mikeka mirefu na kuiongezea bonasi. Tena wastani huo haumfikii kila mtu. Wengi hupata sifuri, mmoja hupata fungu, na sura ya yule mmoja ndiyo hubandikwa kwenye ubao wa njia panda. Sura za wale wengine zingehitaji ubao wa kutoka Ubungo mpaka Kibaha.

Yule kijana alinyamaza, akatazama simu, akasema, "Basi mzee, wameshanila." Siyo kwamba aliacha siku ile, wala simwandiki hapa kama mtu aliyeokoka. Nasema tu kwamba hakuwa mpumbavu. Alikuwa hajaonyeshwa.

Tulisema kwamba kipumbazo kimetengenezwa. Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Marekani, Charles Ferster na B. F. Skinner, walitoa kitabu kikubwa cha majaribio yao, mengi yakiwa ya njiwa. Njiwa aliwekwa ndani ya sanduku lenye kibonye cha kudonoa. Akipewa chakula kila baada ya idadi ile ile ya midonoo, alikula, akapumzika, akaendelea. Lakini walipofanya chakula kije bila mpango, mara baada ya midonoo michache, mara baada ya mingi, njiwa alidonoa upesi upesi bila kupumzika. Na hata chakula kilipokatwa kabisa, alichelewa sana kukata tamaa. Hapana tone la bahati katika jambo hilo. Ni ufundi. Mtu akitaka kiumbe kisiache, asikipe mara zote wala asikinyime mara zote.

Sasa tazama simu. Leo umeshinda 2,000, kesho hukupata kitu, keshokutwa umekosa kwa bao moja la dakika ya mwisho, siku ya nne umepata 500. Njiwa yule angejiona nyumbani. Wala si kamari peke yake. Zile picha fupi fupi zinazofuatana kwenye simu, moja ya kuchekesha, tatu za upuuzi, moja ya kuchekesha tena, zimepangwa kwa ufundi huo huo. Ukurasa usiokwisha, ule unaoshuka na kushuka bila kufika chini, ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani aitwaye Aza Raskin, naye mwenyewe baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Hata hili ulilonalo mkononi utalimaliza, utafungia vitumbua. Kitu kisicho na ukurasa wa mwisho si burudani, maana hakina pale mtu anaposema, "Nimeburudika, sasa niende."

Hapo tutasikia sauti kutoka ofisini: lakini kamari inalipa kodi. Kodi hujenga barabara, hununua madawa. Mnataka Serikali ikose fedha?

Hoja hii tunaijua baba yake na babu yake. Mji wa Durban, Afrika ya Kusini, tangu mwaka 1909 baraza la mji lilijitwalia peke yake haki ya kuwauzia Waafrika pombe yao ya asili. Mama wa Kiafrika akipika nyumbani alikuwa mhalifu. Baraza likipika lilikuwa Serikali. Na faida ilikwenda wapi? Ilitumika kulipia idara ile ile iliyowatawala Waafrika, na mabweni yale yale walimofungiwa. Mapema katika miaka ya 1920 Nairobi nayo ikafuata njia hiyo hiyo: Waafrika wa mjini wakanywe kwenye kilabu cha baraza, na faida isemwe kwamba inawarudia wao. Mtu analipia kilevi ili apate fedha za kutibiwa kilevi! Wakoloni waliona ni busara kubwa, na miji mingine ikaiga.

Walioona uongo huo mapema hawakuwa wanaume waliokaa ndani wakinywa. Walikuwa wake zao, kwa kuwa mshahara ulipotea kabla haujafika nyumbani. Juni 1959 wanawake wa Cato Manor, Durban, walikiendea kilabu cha pombe cha baraza wakiwa na fimbo, wakawafukuza wanaume, wakamwaga pombe, na maandamano yakaenea. Polisi waliwapiga. Lakini swali lao liliulizwa mbele ya dunia: kodi gani hii inayotoka katika sahani ya mtoto? Hilo ndilo swali tunalowauliza leo wanaotuhesabia kodi ya kamari. Hesabuni pia ile karo isiyolipwa, na ule mtaji wa genge uliochanika pamoja na mkeka. Mkishaviweka katika daftari moja, tutazungumza habari ya barabara.

Sasa msomaji mwenye kupenda mpira ameanza kununa. Atulie. Hatukusema mpira ni kipumbazo. Mpira ni mpira. Kipumbazo ni kile anachotaka kuufanyia mwenye chombo. Na mara nyingine chombo humgeukia mwenyewe.

Mwaka ule ule wa 1959, miezi mitano kabla ya wanawake wa Durban, ilitokea Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa. Wabelgiji walikuwa wameujengea mji ule kiwanja kikubwa cha mpira, wakakiita kwa jina la mfalme wao Baudouin. Waliamini kwamba Mwafrika akipewa mpira na muziki hatauliza habari za utawala. Siku ya Jumapili, tarehe 4 Januari 1959, mkutano wa chama cha ABAKO ulizuiwa. Watu waliokuja kuusikiliza walikuwa bado wamesimama njiani kwa hasira, na mara maelfu ya watazamaji wakatoka kiwanjani baada ya mechi. Makundi hayo mawili yakakutana. Mji ukawaka siku kadhaa, makumi ya Waafrika wakauawa, na utawala uliojidhani wa milele haukumaliza mwaka na nusu: Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Watu waliotazamiwa kuwa wamepumbaa walitoka kiwanjani macho yakiwa wazi.

Kiwanja hicho hicho, tarehe 30 Oktoba 1974, ndicho walichopigania Muhammad Ali na George Foreman. Wakati huo nchi ilikuwa ikiitwa Zaire, na mwenye chombo alikuwa Mobutu. Kila mpiga ngumi aliahidiwa dola milioni 5 kwa dhamana ya serikali yake. Pambano lilipigwa karibu saa kumi za usiku, watu wa Kinshasa wakikesha, ili Wamarekani walitazame jioni kwao. Miezi kumi na moja kabla ya hapo, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alikuwa ametangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitatwaliwa, na nyingi ziliangukia mikononi mwa wakubwa na marafiki zao. Rafu zikabaki tupu. Sisi tunampenda Ali, na usiku ule alipigana kwa akili kubwa. Lakini mkono mmoja ulikuwa umenyanyua glavu, na wa pili ulikuwa ndani ya ghala.

Kiwanja kimoja, basi, matumizi mawili. Kwa hiyo hatuwezi kutoa orodha ya vitu na kusema hivi ni vipumbazo, hivi ni burudani, kama mtu anayepanga nazi na embe sokoni. Ngoma za wanawake wa Dar es Salaam watu wengi waliziona za kupitishia wakati, wapo waliozicheka. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa ngoma hizo, alipoombwa mwaka 1955 kuongoza wanawake wa TANU, aliziendea ngoma hizo hizo, kundi kwa kundi, na kupitia kwazo akawaingiza wanawake katika chama kwa wingi uliowashangaza wanaume waliosoma. Lazima tuulize nani ameshika, nani analipa, nini kinapita nyuma ya mgongo, na kama mtu anaweza kusema basi.

Na hapa tuwageukie upande wa pili, maana neno hili lina maadui wawili. Wa kwanza wanalificha ili wauze. Wa pili wanalirusha ovyo ili watawale. Kuna kiongozi ambaye akiulizwa habari za kisima kilichojengwa kwenye karatasi tu, hujibu kwamba hayo ni mambo ya kuwapumbaza wananchi. Hoja ya mishahara, pumbao. Gazeti likiandika, pumbao. Bwana huyo anatumia Kiswahili vibaya. Mwenye kuuliza kisima kiko wapi hajapumbaa. Ndiye mtu pekee katika mkutano ule aliye macho.

Kosa hili lina historia hata kwetu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na madawa ya kujichubua, na kampeni ikaitwa Operesheni Vijana. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini barabarani ilikuwaje? Wasichana walizongwa na makundi ya wanaume Kariakoo na kuchaniwa nguo. Ukimwandama binti kwa sababu ya goti lake, umetafuta adui mahali ambapo hayupo, na adui aliyepo anashukuru. Mchungaji akipigia kelele kipepeo, fisi hula.

Majirani zetu wamekwisha kuanza kushtuka, ingawa kwa kusitasita. Januari 2019 Serikali ya Uganda ilitangaza agizo la Rais kwamba leseni mpya za kamari za michezo zisitolewe. Julai mwaka huo Kenya ilikataa kuwapa leseni upya makampuni 27. Lakini ugomvi ule ulikuwa wa kodi, wala haukuwa wa vijana, na ugomvi wa kodi huisha kodi ikilipwa. Mwisho wa Aprili 2025 Kenya ikasimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Siku thelathini! Mgonjwa wa miaka amepewa panadoli moja. Hata hivyo ni kitu, maana kwa mara moja ilikubaliwa kwamba tangazo lenyewe lina madhara.

Tunachotaka sisi kinaweza kuanza bila kungoja sheria. Wahariri wa magazeti na wasimamizi wa redio wana kalamu mikononi. Waache kuandika burudani mahali palipo kamari. Ukurasa wa michezo uandike habari za michezo, na jedwali la kamari, kama ni lazima lichapwe kwa kuwa limelipiwa, liandikwe juu yake TANGAZO LA KAMARI kwa herufi zile zile kubwa zinazotumika kutaja zawadi. Mtangazaji wa mpira atangaze mpira. Walimu wa Kiswahili wakifika kwenye mnyambuliko wa vitenzi, wasiishie kwenye kupika na kupikisha. Waandike ubaoni pumbaa, pumbaza, pumbazwa, kipumbazo, mpumbavu, na wawaulize watoto nani anatenda na nani anatendwa. Walimu wa hesabu nao wachukue ile 1.90 na kuizidisha mara kumi mbele ya darasa. Ni dakika tano tu, na chaki haitaisha.

Na sheria ikifunguliwa tena bungeni, kama ipasavyo, tunataka mambo mawili yaandikwe humo bila kupambwa: kwamba kila mkeka uonyeshe, kabla ya kulipiwa, malipo ya haki yangekuwa kiasi gani na kampuni italipa kiasi gani, na kwamba neno burudani lisitumike katika tangazo lo lote la kamari. Wenye makampuni watasema jambo la kwanza ni gumu kwa mitambo yao. Mitambo hiyo hiyo huweza kukata fedha ya mtu aliye Tunduru katika nukta moja. Haitashindwa kumwonyesha 1,024 na 613, moja chini ya nyingine.